Gia ya Tatu Mlimani Mbaga

Sura ya Sita

Swalehe hakuwa amegusa chakula tangu Jumamosi. Sahani ya ugali na maharage ilikuwa pale pale mlangoni mwa mahabusu, imekauka, nzi wametanda. Sajini Yusto Senkoro aliisogeza kwa kiatu, akakalia ndoo iliyofudikizwa, akatoa daftari.

"Kesho asubuhi unapelekwa Moshi," alisema. "Bwana Inspekta ameshaandika barua. Ukifika kule, mimi siwezi tena kukuuliza kitu. Kwa hiyo leo unijibu sawasawa."

"Nimeshajibu, afande. Sikumuua Hezroni."

"Spana yako imekutwa karibu na maiti."

"Nilimwazima Alhamisi, pale stesheni, mbele ya wapakiaji."

"Na mligombana."

"Tuligombana Mwembe, hakunipisha njia. Madereva hugombana. Jioni yake tulikunywa chai." Swalehe alikuwa mtu wa mabega mapana, aliyezoea kuzungumza juu ya mngurumo wa injini, lakini sasa sauti yake haikufika hata dirishani. "Afande, wataninyonga?"

Yusto alifungua karatasi za Jumamosi, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa Gonja kwa kesi ya ng'ombe. Hezroni Kiondo, dereva wa lori la tani saba, alikuwa akitoa mbao kwenye kiwanda kilichoko bondeni, chini ya msitu, ng'ambo ya Mbaga. Kutoka kiwandani barabara hupanda kwanza, hadi begani mwa mlima, ndipo iteremke Mwembe na Same. Hezroni alikutwa kwenye mpando huo amepitiwa na magurudumu ya nyuma ya lori lake mwenyewe. Daktari aliona pigo jingine kisogoni, lisilo la gurudumu. Mtu alimpiga kwanza, kisha akaliachia lori limalize.

Konstebo aliyefika wa kwanza, Filipo, hakujua kuendesha hata baiskeli vizuri, lakini alikuwa na macho. Aliandika kila alichokiona: injini imezimwa, breki ya mkono imelegezwa, kabari mbili ziko kando ya barabara, mkono wa gia umesukumwa kushoto, mbele. Pembeni, kwa wino mwekundu, Inspekta Hallam alikuwa ameongeza: *Gia ya kwanza.*

"Lori likiwa na mzigo, mlimani, unaondokea gia gani?" Yusto aliuliza.

Swalehe alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Ya kwanza, afande. Hakuna nyingine."

"Likiwa tupu?"

"Tambarare, ya pili inatosha. Lakini tani saba mlimani, ukianzia ya pili unaunguza klachi. Ukianzia ya tatu, injini inazimika, nawe unarudi nyuma ulikotoka."

"Na ukisimama mlimani, ukashuka?"

"Unazima injini, unaliacha kwenye ya kwanza, unavuta breki ya mkono, unaweka kabari nyuma ya tairi. Hezroni alikuwa anaweka mbili. Tulikuwa tunamcheka."

"Kwa hiyo Hezroni aliliacha kwenye ya kwanza. Kushoto, mbele."

Swalehe alitikisa kichwa polepole. "Siyo lori lile. Mimi niliendesha wiki mbili alipokuwa na homa. Lile lina gia za kinyume. Ya kwanza na ya pili ziko kulia. Kushoto mbele ni ya tatu."

Yusto aliacha kuandika. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi, Uhabeshi na baadaye Burma, na mawili kati ya hayo yalikuwa na gia za namna hiyo. Alikuwa amesahau.

"Kirungu cha mkono wa gia kimeandikwa namba?"

"Zilishafutika zamani. Lazima ufundishwe."

"Nani mwingine anayejua?"

"Mimi na marehemu, afande. Tajiri mwenyewe hajui."

Yusto alifunga daftari. Mtu aliyemuua Hezroni alilikuta lori kwenye gia ya kwanza. Aliziondoa kabari, akaitoa gia ili lirudi nyuma, kisha akapanda tena kabini kuirudisha ilivyokuwa, ionekane dereva alifanya yote sawasawa na lori likamponyoka. Akaiweka pale ambapo magari yote aliyowahi kuendesha yana gia ya kwanza. Swalehe asingekosea hivyo.

Inspekta Hallam alisikiliza akiwa amesimama, akijaza kiko. "Gia ni gia, Sajini," alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka. "Hakimu hataki gia. Hakimu anataka mtu."

"Nipe leo tu, bwana."

"Leo. Kesho treni."

*

Landirova ya polisi iliwashusha Yusto na Filipo kwenye kona alikofia Hezroni saa sita mchana, ikaendelea na safari yake ya Gonja. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni. Lori lilikuwa pale pale, mkia wake umegusa ukingo wa mlima upande wa kulia, mbao zimelala juu yake kwa minyororo. Upande wa kushoto hapakuwa na ukingo, ila mstari wa mawe, kisha korongo. Chini mto ulisikika, hauonekani.

Yusto alipanda kabini, akavuta breki ya mkono. Akaushika mkono wa gia, akausukuma kulia mbele, kisha kushoto mbele, mara tatu. Gia zilikaa kama za yale malori ya vita; Swalehe hakusema uongo.

Juu ya kona palikuwa na migomba, na ndani ya migomba mwanamke mzee alikuwa amesimama na jembe, amewatazama tangu waliposhuka. Filipo alimjua kwa jina: Yudith, mjane, shamba ni lake. Walipomsogelea alirudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, mama," Yusto alisema, kisha akaendelea kwa Kipare, kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikuona kitu."

"Sijauliza uliona nini. Jumamosi ulikuwa hapa?"

Yudith alitazama barabara inayotoka kiwandani. "Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe."

"Ulisikia lori likipanda?"

"Nililisikia. Likanyamaza. Hezroni husimama hapa kutia maji kwenye mashine, nami humpa ndizi." Aliushika mpini wa jembe kwa mikono miwili. "Kisha nikasikia mbao zinalia. Krr, krr. Lori linatembea, mashine imenyamaza. Sikuwahi kusikia lori linatembea limenyamaza."

"Halafu?"

"Halafu mlango. Ulifunguliwa, ukafungwa. Baada ya lori kusimama. Mtu aliyekufa hafungi mlango, mwanangu. Nikalala chini kwenye majani. Nikalala mpaka jua likazama. Sasa usiniulize tena, mimi naishi peke yangu hapa, na yeye anapita kila siku."

"Nani anapita kila siku?"

Yudith aliingia kwenye migomba, majani yakafunga nyuma yake.

Filipo aligeukia upande wa kiwandani. "Anayepita hapa kila siku ni mmoja tu, afande: msimamizi wa kiwanda."

"Nenda kamwite," Yusto alisema. "Mwambie tunalipeleka lori Same, na tunamhitaji aliyeiona maiti kwanza atuonyeshe mahali. Usiseme zaidi."

Filipo alipotoweka kwenye ukungu, Yusto alitoa leso, akaufunga mkono wake wa kushoto, kiganja na vidole, kama mtu aliyejikata. Ilimchukua muda.

*

Melkizedeki Msangi, msimamizi wa kiwanda, alifika akihema, amevaa koti refu la mvua. Alikuwa mtu safi, mwenye kunyoa kila siku hata huko msituni. Jumamosi ndiye aliyepeleka taarifa: alikuwa akitembea kwenda Mbaga, akamkuta dereva amelala barabarani. Hakugusa kitu. Lori hajui. Yeye huendesha gari dogo la tajiri tu, na hilo kwa kulazimishwa.

"Poleni na kazi, afande. Mkono umefanyaje?"

"Bati la kabini. Marehemu ulimwona wapi?"

Melkizedeki alionyesha, bila kukaribia.

"Alikuwa na neno na mtu?"

"Na Swalehe. Kila mtu anajua."

"Mjane wake, Ruthi, anasema Jumatatu alikuwa aende ofisi ya misitu, kwa Bwana Miti."

"Kufanya nini?" Swali lilitoka haraka.

"Hakumwambia. Alisema tu kuna miti ya mkulo inakatwa ndani ya msitu wa serikali, na kwamba hataibeba tena."

"Madereva wana maneno mengi," Melkizedeki alisema.

Yusto alitikisa kichwa kama aliyekubali. Alimweka Filipo nyuma ya lori, karibu na kabari mbili walizozipigilia chini ya matairi. Walikuwa wamepatana: Filipo asiziguse mpaka asikie honi. Kisha Filipo akaja mbele, akazungusha hendeli ya kuwashia, injini ikakohoa, ikashika, naye akarudi kando ya kabari. Kabini nzima ikaanza kutetemeka.

"Panda, bwana Melkizedeki. Utanisaidia kwa huu mkono."

Melkizedeki alisita na mguu mmoja hewani, kisha akapanda. Kiti chake kilikuwa upande wa korongo. Kati yao ulisimama mkono wa gia, na mbele yake ule wa breki.

Yusto alikanyaga klachi hadi chini. "Niwekee gia ya kwanza."

Msimamizi hakutafuta. Aliushika mkono wa gia, akauvuta kwake, akausukuma mbele. Uliingia bila kelele.

"Ndiyo ya kwanza hiyo?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Afande, gia ya kwanza iko kushoto mbele. Hata mtoto anajua."

"Kwenye gari la tajiri," Yusto alisema. "Hapa hiyo ni ya tatu. Ya kwanza iko kulia. Jumamosi kuna mtu alipanda humu Hezroni akiwa ameshalala barabarani, akaiweka hapo hapo ulipoiweka wewe."

Injini iliendelea kunguruma. Melkizedeki aliutazama mkono wake mwenyewe, ambao bado ulikuwa juu ya kirungu. Yusto alitegemea akane, alie, au akimbie. Kwa yote hayo alikuwa amejiandaa.

Melkizedeki aliibana breki ya mkono kwa mikono miwili, akaiachia.

Lori lilishtuka. Kabari ya kulia ilipasuka kwa mlio wa bunduki. Ya kushoto ilitoka kama kokwa. Yusto alikanyaga breki ya mguu, ikaenda, ikaenda, ikashika karibu na sakafu, na haikushika vya kutosha. Mbao zililia nyuma. Mlango wa kushoto ulifunguka na Melkizedeki akaruka.

Huko Burma Yusto aliwahi kulitazama lori likirudi nyuma hivi, na askari kumi na wanne ndani yake. Hakumbuki walivyopiga kelele. Anakumbuka kwamba dereva hakukata usukani.

Yeye aliukata. Aliuzungusha mpaka leso ikafunguka. Mkia ukaingia kwenye ukingo wa mlima, udongo ukamwagika juu ya mbao, na pua ya lori ikatupwa kushoto, kwenye mstari wa mawe. Ikagonga. Ikasimama. Yusto akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote.

Injini ilikuwa bado hai. Mguu wake ulikuwa bado juu ya klachi. Kupitia mlango uliofunguka hakuona barabara, aliona ukungu tu.

Kisha akasikia mtu anamwita, karibu sana, chini.

"Afande. Afande, niko hapa."

Filipo alikuja mbio, akapiga magoti ukingoni, uso wake ukabadilika. "Yuko chini ya gurudumu la mbele, afande. Koti lake limekanyagwa. Miguu iko korongoni. Gurudumu liko hapa," akaonyesha upana wa kiganja, "kutoka kiunoni kwake."

"Mshike mikono."

"Nikimshika, nani ataweka jiwe nyuma?"

Nyuma, kitu kilikatika. Udongo wa ukingo ulianza kubomoka, na lori likazama nyuma inchi moja. Melkizedeki alilia sauti moja fupi. Sasa haukuwa upana wa kiganja tena.

"Mshike mikono, Filipo."

Filipo alilala kifudifudi, akamshika. Yusto alikaa na miguu miwili juu ya pedali, breki na klachi. Akiondoka mbele, koti litaachia. Akirudi nyuma kabla ya kuondoka, hata kwa upana wa vidole viwili, mtu huyu atasagwa mbele ya macho ya Filipo, na Swalehe atapanda treni kesho.

Katika kioo aliona kitu kinasogea. Yudith alikuwa ametoka kwenye migomba. Alibeba jiwe kifuani, kubwa kama mtungi, akitembea nyuma ya lori lililokuwa likibomoa ukingo.

"Mama, toka hapo," Yusto aliita.

Hakutoka. Aliinama, akalisukuma jiwe chini ya tairi kwa mguu wake usio na kiatu, akarudi, akaleta la pili. Alikuwa akilia kwa sauti wakati wote, kama mtoto anayetumwa gizani, na hakuacha kusukuma.

"Tayari," alisema.

Yusto aliutoa mkono wa gia kwenye ya tatu. Ukakaa katikati, huru, ukicheza.

"Kulia," sauti ya chini ilisema. Melkizedeki alikuwa amefumba macho. "Kulia, afande. Usinisahaulie. Weka kulia."

Kulia. Mbele. Meno ya chuma yaligusana, yakakataa, kisha yakaingia.

Aliongeza mafuta mpaka kabini ikavuma. Akaachia klachi kidogo, kidogo tena, mpaka aliposikia pua ya lori inainuka na mashine inabadilisha sauti, kama mtu aliyeinama kubeba gunia na sasa amelipata begani. Harufu ya klachi ilipanda. Hakuacha. Alisubiri mpaka lori lenyewe lilipotaka kwenda, ndipo akaiachia breki ya mkono, akakata usukani kulia.

Halikurudi. Lilisimama kitambo kisichopimika, tani saba zikining'inia kwenye gia moja, kisha likasogea mbele. Hatua moja. Mbili. Nyuma yake alimsikia Filipo akiguna kwa nguvu, akivuta.

Yusto alilipeleka hadi penye nafasi, akaliegesha ukingoni, akaliacha kwenye ya kwanza. Akazima. Yudith alikuja na mawe yake.

*

Walimketisha Melkizedeki katikati ya barabara, mbali na korongo, pingu mikononi. Koti lilikuwa limechanika mgongo mzima. Hakuwa na jeraha zaidi ya magoti.

Filipo aliporudi kabini kumwita mkubwa wake, alimkuta bado ameketi, macho mbele, mguu wa kulia umekanyaga breki.

"Tumemaliza, afande."

"Najua."

"Basi shuka."

"Siwezi kuutoa huu mguu," Yusto alisema.

Filipo alipiga magoti, akaushika mguu kwa kisigino, akauinua taratibu, akauweka sakafuni kama kitu cha mtu mwingine.

Maelezo aliyaandika Filipo. Melkizedeki alizungumza bila kuulizwa mara mbili. Miti alikuwa akiikata yeye, mkulo, ndani ya mpaka wa serikali, tangu masika. Hezroni alimwambia Ijumaa kwamba atakwenda kwa Bwana Miti. Jumamosi alimfuata hadi kwenye kona, akamwomba. Hezroni akasema ameshaahidi mbele ya mkewe, akainama kutazama minyororo. Spana ilikuwa juu ya bodi.

"Ulijua ni ya nani?" Yusto aliuliza.

"Sikujua. Niliposikia mmemkamata Swalehe, nikanyamaza."

"Ungenyamaza mpaka lini?"

Melkizedeki aliweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Yudith, aliyekuwa amekaa kando na mikono yake yenye matope mapajani, aliombwa aweke lake kama shahidi. Alimtazama msimamizi usoni kwa mara ya kwanza, kisha akaweka.

Saa tisa ukungu ulifumbuka. Bonde lilionekana mbali chini, mto wake na mabati ya kiwanda. Lori lilikuwa tayari, mafuta yalikuwemo, na barabara ya kupanda hadi begani haikuzidi maili moja. Yusto alilizunguka, akagusa kila jiwe kwa kiatu. Akafungua mlango wa kabini, akaweka mkono juu ya usukani.

"Afande," Melkizedeki alisema nyuma yake. "Naomba nitembee. Unifunge kamba, unifunge utakavyo. Lakini nitembee."

Filipo naye alitazama chini.

Yusto aliutoa mkono kwenye usukani. Akafunga mlango, akahakikisha umeshika, akashika njia ya Mwembe kwa miguu, maelezo yakiwa mfukoni, wafike Same kabla ya treni ya Swalehe, na wenzake wawili wakamfuata.